Kugeuza gemu ya kaseti ya TV iwe ya mkononi: umeme, kioo na pedi

Mkwaju8 ameandika:

Heshima kwenu wakuu.

Nina bodi ya gemu ya kaseti, zile nakala za Famicom (mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo) za kuchomeka kwenye TV. Katikati ina tone jeusi la gundi badala ya chipu zenye miguu, tundu la kaseti ni la pini 60, adapta ni ya 9V, ina matundu ya AV (video na sauti) na kile kiboksi cha bati cha antena. Inafanya kazi vizuri. Nataka kuihamishia kwenye boksi moja la kushika mkononi, kioo, pedi, spika na betri vyote vikae ndani.

Kioo ni kile cha kamera ya nyuma ya gari, inchi 4.3, kimeandikwa 12V. Betri nitatoa kwenye laptop mbovu, zile seli za mviringo za lithiamu ziitwazo 18650. Kinachonichanganya ni umeme: bodi inataka 9V, kioo 12V, na betri ni 3.7V. Je, niunge betri tatu kwa mfululizo au nipandishe volti? Pia tundu la kaseti ningependa likae mgongoni, nilivute kwa nyaya. Inawezekana?

---

fundi_risasi amejibu:

Mkuu, bodi yako haitaki 9V. Hiyo 9V ni ya adapta tu. Bodi yenyewe inakula kile kinachotoka kwenye rigyuleta, kidude kinachoshusha volti na kuzituliza. Kwa hiyo kabla hujakata waya wowote, iwashe kwenye TV kama ilivyo, shika mita, pima mambo mawili.

La kwanza ni volti za rigyuleta. Bodi nyingi za aina hiyo zina 7805, kidude cha miguu mitatu chenye mgongo wa bati. Ukikitazama usoni, miguu ikiwa chini, wa kushoto unaingiza, wa katikati ni GND (hasi ya pamoja), wa kulia unatoa 5V. Lakini usiamini umbo. Bodi nyingine, hasa za miaka ya karibuni, zina rigyuleta ya 3.3V yenye umbo linalofanana, na ukizipa 5V chipu ya tone inakufa papo hapo, wala huwezi kuibadilisha. Amini mita.

La pili ni mkondo. Weka mita kwa mfululizo kwenye waya chanya wa adapta, kaseti ikiwa ndani na gemu inachezwa. Bodi ya tone kwa kawaida hula chini ya 300 mA. Zile za zamani zenye chipu kubwa za miguu 40 hula zaidi.

Ukishajua ni 5V, toa 7805 kabisa. Inahitaji kama 7V kuingia ili itoe 5V sahihi, halafu tofauti yote inaigeuza kuwa joto, na joto hilo ni betri yako. Umeme wako wa 5V uingize kwenye tundu la mguu wa kulia lililobaki wazi. Usiuingize kwenye tundu la kushoto huku 7805 ikiwa bado ipo, maana upande wa pili zitatoka volti pungufu na utahangaika na picha inayotetemeka bila kujua sababu.

Betri tatu kwa mfululizo achana nazo. Utahitaji bodi ya kusawazisha seli na chaja ya 12.6V, na seli za laptop mbovu hazilingani uwezo, hivyo ile dhaifu itawahi kuisha na kuburuzwa na wenzake. Ziunge sambamba, zote chanya kwa chanya, kisha pandisha volti mara moja. Kabla ya kuziunga hakikisha volti zake zinalingana, tofauti isizidi 0.05V, la sivyo iliyojaa itamwagia mwenzake mkondo mkubwa ghafla. Seli uliyoikuta chini ya 2.5V usijaribu kuifufua. Zilizobaki zichaji hadi 4.2V, ziache wiki nzima mezani, uzipime tena. Iliyoshuka chini ya 4.1V haifai kuingia kwenye kitu cha kushikwa mkononi na mtoto.

Tena usichomelee risasi moja kwa moja kwenye seli. Joto linaharibu plastiki ya ndani inayotenganisha chanya na hasi. Tumia kishikio cha 18650, au ukizitoa kwenye laptop acha zile bati za nikeli zilizochomelewa kiwandani na upige solda kwenye bati.

Kupandisha volti, kibodi cha MT3608 kinatosha. Mtego wake ni skrubu ndogo ya kurekebisha: huwezi kujua imeachwa wapi, na kibodi hicho kinaweza kutoa hadi 28V. Kiunge na betri peke yake, bila mzigo, mita ikiwa upande wa kutoka, zungusha kinyume cha saa. Mizunguko kumi na zaidi ya mwanzo unaweza usione badiliko lolote. Endelea, si kibovu. Ikifika 5.0 hadi 5.1V dondoshea skrubu rangi ya kucha ili isihame. Baada ya hapo ndipo uunge bodi.

Kuhusu kioo, ile 12V ni kwa ajili ya gari. Ndani kuna chipu ya kushusha volti, iko jirani na koili. Kifungue, kipe 12V, pima kapasita iliyo upande wa kutokea wa koili. Ukikuta 5V umepona: toa chipu ile, ingiza 5V yako pale kwenye kapasita, na MT3608 moja italisha kila kitu. Ukikuta 3.3V, usihangaike, weka MT3608 ya pili kwa ajili ya kioo peke yake. Anza na 9V. Taa ya nyuma ikififia panda hadi 12V.

Hesabu ya muda wa kucheza iko hivi: bodi 5V kwa 0.2A ni wati 1, kioo 12V kwa 0.2A ni wati 2.4, spika tuseme 0.3. Jumla 3.7. Kupandisha volti hupoteza kama asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo betri inatoa karibu wati 4.2. Seli ya laptop iliyobakiwa na 2000 mAh ina 7.4 Wh, yaani saa moja na dakika arobaini hivi. Mbili sambamba, saa tatu na nusu. Weka namba zako ulizopima, hizi ni za mfano. Utaona kioo ndicho mlaji mkubwa; kupunguza mwanga wake kunasaidia kuliko kuongeza seli.

---

kioo_na_waya amejibu:

Fundi kamaliza umeme. Nigusie picha.

Soma namba iliyoandikwa juu ya kristali ya bodi, kile kikopo kidogo cha bati karibu na tone. 21.477 ni mfumo wa TV wa NTSC, picha 60 kwa sekunde. 26.601 ni mfumo wa PAL, picha 50. Vioo vingi vya gari hupokea zote mbili na kujichagulia vyenyewe, ila vingine vimefungwa kwenye mfumo mmoja. Picha ikija ya mweusi na mweupe lakini imetulia, tatizo ni mfumo wa rangi. Ikipanda au kushuka bila kusimama, ni picha 50 dhidi ya 60. Kabla ya kulaumu kioo ingia kwenye menyu yake. Usibadilishe kristali ukidhani utaibadili bodi kuwa ya mfumo mwingine. Utabadili kasi ya gemu na kupoteza rangi kabisa.

Video ichukue kwenye tundu la njano la AV, kwa upande wa ndani wa bodi. Kiboksi cha bati cha antena unaweza kukitoa chote, kinakula nafasi bure. Mwenye bodi isiyo na AV afuatilie njia zinazoingia kwenye hicho kiboksi: kuna 5V, kuna sauti, kuna video. Video ichukuliwe baada ya transista ndogo iliyo kabla ya kiboksi. Ukiichukua kabla ya transista, moja kwa moja kwenye chipu, kioo kinaibana na picha inakuwa ya giza.

Jambo jingine, inchi 4.3 ni pana, na gemu hizi zilitengenezwa kwa TV ya 4:3. Mario atakuwa mnene. Kama menyu ina chaguo la 4:3 litumie ukubali mistari myeusi pembeni. Kama haina, kioo cha inchi 3.5 chenye uwiano wa 4:3 kinafaa zaidi, na kinapunguza upana wa boksi.

---

KasetiSitini amejibu:

Kuhusu tundu la kaseti kuvutwa kwa nyaya: inawezekana, ila usifanye kama huna lazima. Ni nyaya 60, na kati yake kuna za anwani na za data zinazobadilika zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde. Zikiwa ndefu zinaambukizana kelele, na dalili zake ni vigae vya picha visivyo na mpangilio au gemu kuganda baada ya dakika chache. Ukilazimika, zisizidi sentimita 10, usitumie utepe mmoja mrefu uliokunjwa, na GND iwe na nyaya mbili au tatu nene. Weka na kapasita ya 100 nF kati ya 5V na GND pale pale kwenye tundu.

Tena kuna pini mbili watu huzisahau. Kwenye Famicom sauti hutoka kwenye pini 45, inaingia kwenye kaseti, inarudi kupitia pini 46. Kaseti nyingi zimeziunganisha tu ndani. Kama bodi yako imefuata mpango huo na wewe hukuunga hizo mbili, utapata picha safi na kimya kabisa, halafu utaanza kufungua amplifaya isiyo na kosa.

Ushauri wangu ni kuacha bodi nzima na tundu lake, na boksi lijengwe kuizunguka, kaseti iingilie juu. Kata plastiki, bodi iache. Na kabla ya kuhukumu chochote, safisha meno ya kaseti kwa kifutio cha penseli kisha spiriti. Nusu ya "bodi mbovu" ni uchafu huo.

Pedi sasa. Bodi haisomi vitufe kimoja kimoja. Waya ni tano tu: 5V, GND, na tatu za mazungumzo, yaani ya kukamata hali ya vitufe, ya mapigo na ya data. Ndani ya pedi kuna chipu inayogeuza vitufe vinane kuwa mfuatano: A, B, Select, Start, Juu, Chini, Kushoto, Kulia. Njia rahisi ni kutumia bodi ya pedi yenyewe. Ikate kwa msumeno mwembamba, upande wa mshale ubaki kushoto kwa kioo, upande wa A na B ukae kulia, kisha unganisha njia ulizozikata. Usijaribu kupiga solda kwenye zile duara nyeusi zinazoguswa na mpira. Ni kaboni, risasi haishiki. Fuata njia ya shaba inayotoka hapo, kwangua rangi ya kijani kidogo, paka risasi, kisha unganisha waya mwembamba.

Kama bodi ya pedi imekufa, nunua 4021, chipu ya miguu 16. Mguu 16 ni 5V, 8 ni GND, 9 wa kukamata, 10 wa mapigo, 3 ndio data. A iende mguu 1, B 15, Select 14, Start 13, Juu 4, Chini 5, Kushoto 6, Kulia 7. Mguu 11 uende GND. Kila kitufe kinaunganisha mguu wake na GND kikibonyezwa, na kila mguu wa kitufe uwe na rezista ya 10k kwenda 5V. Ukiziacha hizo rezista, miguu inaelea hewani na mchezaji atatembea peke yake hata pedi ikiwa haijaguswa. Rangi za nyaya za pedi hizi hazina kanuni, kila kiwanda na zake, kwa hiyo fuatilia kwa mita hadi kwenye tundu.

---

PaiNdogo amejibu:

Wakuu, mnamchosha bure. Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo ya bodi moja, ina ukubwa wa milimita 65 kwa 30, RAM 512 MB, na RetroPie, programu ya kuigiza mashine za gemu za zamani, inaendesha gemu za Famicom, Sega na Game Boy bila kutoka jasho. Kioo kile kile kinatumika, maana upande wa chini wa bodi kuna alama ya kuchukulia video ya AV, unaongeza enable_tvout=1 kwenye faili ya config.txt. Vitufe unaviunga moja kwa moja kwenye pini za GPIO, zile za kuungia vifaa vya nje. Hakuna kaseti, hakuna nyaya 60. Gemu unaweza kunakili zako mwenyewe kutoka kwenye kaseti, au kutumia zile zinazotolewa bure na watengenezaji wa siku hizi.

---

fundi_risasi amejibu:

@PaiNdogo ni njia nzuri kwa anayeanza bila kitu. Yeye bodi anayo tayari. Na Pi ina mambo yake: inachukua sekunde kadhaa ndefu kuwaka wakati bodi ya tone inawaka hapo hapo, na huwezi kuizima kwa swichi ya kukata umeme kama redio. Ukikata katikati ya kuandika, kadi ya SD inaharibika na unaanza kusakinisha upya. Lazima uweke kitufe cha kuizima kwa utaratibu. Pia pini zake za GPIO ni za 3.3V, ukizigusisha 5V umeiua.

---

Mkwaju8 ameandika:

Nimepima: rigyuleta inatoa 5.02V, mkondo 160 mA. Kristali ni 26.601. Kioo ndani kimetoa 5V kwenye koili. Nashukuru sana wakuu.

Mawili yaliyobaki: sauti niichukue wapi na nitumie amplifaya gani, nataka na tundu la hedifoni. Na kuchaji, je naweza kucheza huku inachaji?

---

fundi_risasi amejibu:

Vipimo vizuri, una kazi rahisi.

Sauti ichukue kwenye tundu la AV, pitisha kwenye kapasita ya 1 µF, kisha kwenye kirekebisha sauti cha 10k, kisha kwenye amplifaya. Kibodi cha amplifaya cha PAM8403 kinafanya kazi kwa 5V hiyo hiyo. Spika ya ohm 8 ya redio ndogo inatosha, tumia upande mmoja tu. Lakini elewa hili: miguu yote miwili ya spika kwenye PAM8403 ina umeme, hakuna ulio GND. Ukiunga hasi ya spika kwenye GND ya bodi, amplifaya inapata moto na kufa. Kwa sababu hiyo hiyo hedifoni za kawaida huwezi kuziunga kwenye kutokea kwake, maana sikio la kushoto na la kulia yanatumia GND moja. Zichukulie sauti kabla ya amplifaya, baada ya kirekebisha sauti, kwa rezista ya ohm 100 kila upande. Haitakuwa na sauti kubwa. Ukitaka kubwa weka amplifaya ndogo ya hedifoni.

Utakaposikia mlio mwembamba unaobadilika kadiri picha inavyobadilika, hiyo ni kelele ya MT3608 na taa ya kioo inayopita kwenye GND. Usiunge GND kwa mnyororo, kutoka kioo kwenda bodi kwenda amplifaya. Kila kimoja kiwe na waya wake hadi kwenye GND ya MT3608. Weka kapasita ya 470 µF na 100 nF kati ya 5V na GND pale umeme unapoingia kwenye amplifaya. Waya wa sauti usilale kando ya koili.

Kuchaji kuna njia mbili. Ya kwanza ni kibodi cha kuchaji cha TP4056: chukua ile yenye matundu ya OUT+ na OUT−, hiyo ina chipu ya kulinda betri isishuke kupita kiasi. Isiyo na OUT haina ulinzi wowote. Inachaji kwa 1A kama rezista yake ni 1.2k. Ila usicheze ikiwa inachaji: TP4056 huamua betri imejaa pale mkondo unaposhuka hadi sehemu moja ya kumi, na gemu ikiwa inavuta mkondo hapo hapo, haijui betri imejaa au la. Tumia swichi ya njia tatu, upande mmoja kucheza, mwingine kuchaji.

Njia ya pili ni bodi ya pawabenki yenye IP5306. Inachaji na kupandisha hadi 5V kwenye kipande kimoja, MT3608 huihitaji tena, na inaruhusu kucheza ikiwa kwenye chaja. Hujizima mzigo ukiwa mdogo sana, lakini kioo chako kitaizuia. Kasoro yake: baadhi hukata umeme kwa kitambo kidogo unapochomeka au kuchomoa chaja, na nyingi ya gemu hizi hazihifadhi ulipofika. Uko ngazi ya mwisho, chaja ikachomoka, unaanza upya.

---

KasetiSitini amejibu:

Usifunge boksi kabla hujacheza walau saa nzima vitu vikiwa vimetandazwa mezani, ukigusa MT3608 na seli kwa kidole kila mara. MT3608 ikiwa moto wa kutoshikika, mkondo ni mkubwa mno kwake.

Boksi likichapwa kwa printa ya 3D, plastiki ya PLA hulainika karibu nyuzi 60. Ukiliacha kwenye dashibodi ya gari juani linapinda na kioo kinachomoka. PETG au ABS ni afadhali. Boksi la plastiki la mafundi umeme nalo linafaa, ukikata nafasi ya kioo kwa kisu na tupa. Seli ziweke nyuma ya vitufe, moja kushoto moja kulia, ili uzito usielemee upande mmoja. Kati ya seli na ncha za solda za bodi weka karatasi ngumu ya plastiki, si gundi ya moto peke yake, kwa sababu gundi hiyo inalainika boksi likipata joto na ncha moja tu ikitoboa ganda la seli ni shoti.

---

Mkwaju8 ameandika:

Nachukua ya pawabenki. Nikifunga nitaweka picha ya ndani, na jinsi nyaya za GND zilivyopita, ili mwenye bodi kama hii aone.